Ukurasa wa Ndimu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza, na wasomaji wameanza kuondoka. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, ila yamefika pamoja na yote mawili yananikosesha raha.

Kazi yangu katika jarida letu la utamaduni ni ukurasa wa maoni ya wasomaji. Nafungua barua, nachagua, napunguza matusi, nachapa. Kazi yangu ya pili ni kusindikiza. Ni neno letu la ofisini. Msomaji aliyejiandikisha akisema hataki tena kuletewa jarida, hatumwachi aondoke kama mgeni asiye na mwenyeji. Nampigia simu, namshukuru, namuuliza kilichomkera. Wengine hunikatia kabla sijamaliza salamu. Wengine huongea mpaka sikio langu linapata moto.

Leo nimemsindikiza fundi cherehani mmoja, msomaji wa zamani. Alinisomea ukurasa wa uhakiki neno kwa neno huku mashine yake ikilia nyuma.

"Dada yangu, hebu niambie. Huyu Ndimu wenu nani kamkosea hata atulipize sisi hivi? Kila kitu kwake kibovu. Kwaya mbovu, picha mbovu, mchezo mbovu. Mimi basi. Msiniletee tena."

Ndimu ni mhakiki wetu. Jina wamempa wasomaji kwa ukali wake, na mwenyewe huliitikia. Nilimwambia fundi tunasikitika. Moyoni nilikuwa upande wake.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Ndoo mbili chini ya dari ya chumba cha barua.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao. Mhariri mkuu alikuja na karatasi ya dada wa usajili, yule anayeandikisha wasomaji na kujua nani kaingia na nani katoka. Akaiweka mezani mbele ya Ndimu kama mzazi anayeonyesha ripoti ya shule.

"Mzee, wanaondoka kwa ajili yako. Nasema kwa heshima. Nakupa mpaka mvua ziishe. Wakiendelea kutoka, ukurasa wako naufuta, naweka mahojiano na watu waliofanikiwa. Watu wanataka kufurahi."

Ndimu alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya shati. "Na wakifurahi watasoma nini?"

Nakiri sikumhurumia. Miaka yote napokea hasira za watu kwa niaba yake, yeye anakuja siku mbili kwa wiki, anakunywa chai yangu, anaondoka. Nilijiambia ukurasa ukifutwa nitapumua.

Jumanne, 12 Machi

Wifi yangu, mke wa kaka, amepitia hapa nyumbani amelowa chapachapa, na alikuwa anacheka. Mchezo wake unafunguliwa Jumamosi. Ameuandika mwenyewe na anauongoza mwenyewe: ndugu watatu wanarudi kugawana nyumba ya marehemu baba yao. Utaonyeshwa kila mwisho wa wiki mpaka Aprili iishe. Ukumbi mkubwa wa katikati ya mji umeshamwambia kwamba ukiwa mzuri watauchukua msimu ujao. Nafasi ya namna hiyo haijamfikia maisha yake yote, na ana miaka arobaini na kitu.

"Wifi, mzee wenu atakuja?"

"Ndimu? Atakuja. Msiba gani mwingine atakosa?"

Alinipiga bega. "Mwache aje. Kaka yako akiniambia 'safi mama', hapo ndiyo kamaliza uhakiki."

Aliondoka na mwavuli wangu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimerudi kutoka kwenye mchezo. Ukumbi ulijaa. Paa ni la bati, na mvua ikaamua kushuka sehemu ya pili ilipoanza. Waigizaji wakapaza sauti, mvua nayo ikapaza. Nyuma watu walikuwa wanaulizana, "Kasema nini? Kasema nini?"

Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Wifi alitoka kuinama na kanga yake ya bahati mabegani, akanitafuta kwa macho, nikamnyanyulia mikono yote miwili. Ndimu alikuwa safu ya tatu. Hakupiga makofi wala hakununa. Alikaa tu, kama mtu anayesubiri basi.

Nilishamwona akikaa hivyo, na najua kinachofuata.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Nilimngoja Ndimu amalize chai, nikafunga mlango.

"Mzee, yule aliyeandika mchezo wa Jumamosi ni wifi yangu."

"Najua. Mna cheko moja."

"Nakuomba umwonee huruma. Mara hii tu. Akiharibikiwa na ukurasa wako, ule ukumbi mkubwa hautamchukua."

Alizungusha kikombe. Nilitegemea hotuba. Badala yake akaniuliza, "Katika zile barua za kunitukana, mbaya kabisa huwa unazichapa?"

"Hapana. Zile mbaya nazitupa."

"Nilidhani hivyo. Umenikinga miaka mingi na hujawahi kuniomba kitu." Akasimama taratibu, magoti yanamsumbua mvua zikinyesha. "Haya."

Basi, akatoka. Nilifurahi kama mtu aliyeiba na hakuonekana.

Jumanne, 19 Machi

Nimemsindikiza nesi mstaafu. Anasema uhakiki unampandisha presha. Nikamwambia toleo lijalo litakuwa na amani. Akasema atafikiria.

Jumatatu, 25 Machi

Ndimu ameleta makala yake. Aya tatu. Aliniwekea mezani bila kukaa, wakati kawaida hukaa anione ninavyokunja uso.

Nimesoma. Ya kwanza inasema mchezo unahusu nini. Ya pili inahusu paa la bati na namna mvua ilivyoshindana na waigizaji. Ya tatu inasema ni jitihada ya kupongezwa na waigizaji wote walivaa vizuri. Mhariri mkuu alipoisoma alikuja mpaka mlangoni kwangu akiwa anatabasamu. "Umeona? Mzee akitaka anaweza."

Mimi pia nilitabasamu. Lakini nimeisoma mara ya pili sasa hivi, na sentensi ile ya nguo inanikwama.

Jumatano, 3 Aprili

Toleo limetoka asubuhi. Mchana kaka akanipigia.

"Dada, njoo. Huyu mtu hali chakula."

"Kwani kasomaje? Si kasifiwa?"

"Mimi sijui. Njoo."

Nilifika nikiwa nimelowa mpaka magotini. Wifi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, jarida limefunguliwa mapajani. Nilisema hongera. Bado nasikia jinsi neno lile lilivyotoka kinywani mwangu, jepesi, na macho yake yalivyoinuka.

"Mvua," akasema. "Kaandika kuhusu mvua. Mimi nimeandika mchezo miaka mitatu, yeye kaja kuhakiki paa."

"Wifi, kasema ni jitihada ya..."

"Ya kupongezwa. Nimesoma. Na tumevaa vizuri." Akakunja jarida. "Huyu mzee nimemsoma tangu nikiwa msichana. Mtu akimchukia anampa ukurasa mzima. Anamwambia hapa umeteleza, hapa umedanganya, hapa umepata. Mimi kanivika kilemba cha ukoka. Maana yake nini? Kwamba hata kugombezwa sistahili?"

Hapo heri ningenyamaza. Nikasema, "Labda kakuonea huruma tu."

Aliniangalia usoni. Wifi si mjinga, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu.

"Ulimwomba."

Nilitazama sakafu.

"Wifi, kila mtu ananipenda," akasema polepole, bila kupandisha sauti, na ningeona heri anipigie kelele. "Waigizaji wangu wananipenda. Kaka yako ananipenda. Wewe ulipiga makofi kama umelipwa. Katika mji huu nilikuwa na mtu mmoja tu asiyenipenda, wa kuniambia mchezo wangu una kasoro gani kabla sijaupeleka kwenye ule ukumbi. Na wewe ukaenda ukamfanya anipende."

Kaka alinisindikiza mpaka barabarani. Nimelia njiani, mvua ikanisaidia kuficha.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimempigia mara nne. Hapokei.

Jumanne, 9 Aprili

Barua zimekuja nyingi kuliko za mwezi wowote. Nilidhani ni pongezi. Nazinakili hapa kwa ufupi ili nisije nikajidanganya baadaye.

Mwalimu wa sekondari: "Je, Ndimu anaumwa? Kama anaumwa tuambieni tumjulie hali."

Kinyozi: "Ukurasa huu huwa tunausoma kwa sauti hapa kinyozini, tunabishana mpaka mteja anasahau kunyolewa. Mwezi huu tumeusoma, tukanyamaza, tukawasha redio."

Mwingine, bila kusema kazi yake: "Nililipa ada ya mwaka kusoma uhakiki wa sanaa. Utabiri wa hali ya hewa napata bure."

Nimecheka hiyo ya mwisho, kisha nikaona aibu.

Ijumaa, 12 Aprili

Fundi cherehani kanipigia mwenyewe. Nilifikiri anataka kurudi.

"Dada yangu, nimeazima jarida kwa jirani. Ndiyo nini hii?"

"Si ulisema ni mkali mno? Sasa kawa mpole."

Mashine ilinyamaza. Kwa mara ya kwanza niliisikia imenyamaza. "Nilisema ni mkali. Nilisema msiniletee. Sikusema aache! Mimi kila mwezi najitayarisha kubishana na yule mzee. Nikimaliza kumkasirikia ndiyo naenda kuutazama huo mchezo, nihakikishe kakosea. Na mara nyingine, samahani kwa kusema, hakukosea. Sasa atanipeleka wapi?"

Nikamwomba radhi, na mara hii sikuwa ninasoma maneno ya ofisi.

Nimekaa nikiwaza. Miaka yote nilidhani kusindikiza ni kujua kwa nini watu wanaondoka. Kumbe nilikuwa nasikiliza mtu alivyokasirika, halafu naandika "amekasirika". Sikuwahi kumuuliza mmoja wao: uliutazama huo mchezo? Ulionaje wewe?

Jumatatu, 15 Aprili

Ndimu ameacha kazi.

Alikuja mapema, akaweka ufunguo wa kabati lake juu ya meza ya mhariri mkuu, akaja kwangu. Nilimwekea chai, hakuigusa.

"Mzee, ni kosa langu."

"La kuomba ni lako. La kukubali ni langu." Akatoa miwani, akairudisha. "Unajua, ule mchezo una kitu. Ndiyo maana naona vibaya. Ungekuwa hovyo, nisingepoteza usingizi. Una kitu, na umekosea mahali, na mimi nilipaona mahali penyewe, nikaandika kuhusu nguo."

"Basi andika upya. Toleo la Mei."

"Kwa heshima gani? Mtu akishajua naombeka, nitakachosema kizuri atauliza nani kaniomba, na nitakachosema kibaya atauliza nani kasahau kuniomba."

Nilitaka kumshika mkono, nikashindwa. Nilimzoea kama mtu anavyozoea kelele za jirani. Leo zimezimika, na chumba kimenikalia vibaya.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua haijakata tangu juzi. Wifi bado kimya.

Jumatatu, 22 Aprili

Mhariri mkuu ametangaza. Ukurasa wa uhakiki umefutwa. Toleo la Mei litakuwa na mahojiano na mwenye kampuni ya samani, picha nne za rangi.

"Si wameendelea kuondoka?" akasema.

"Wameondoka kwa sababu alikuwa mpole, bosi. Barua ninazo."

"Mkali wanaondoka, mpole wanaondoka. Tatizo ni yeye, basi."

Nilibisha. Nilibisha mpaka dada wa usajili akanivuta gauni chini ya meza. Mwezi uliopita nilikuwa naombea ukurasa huu ufe. Leo nimeugombania kama mali ya ukoo, na nimeshindwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimepita mbele ya ukumbi. Leo jua. Nilitaka kuingia, nikaogopa kukutana na wifi. Nikanunua viazi, nikarudi.

Jumatatu, 29 Aprili

Dada wa usajili kaingia chumbani kwangu akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Tumepata msomaji mpya. Kalipa mwaka mzima. Anataka aletewe nyumbani kama watu wengine."

"Nani?"

"Ndimu."

Na alikuwa ameleta barua, kurasa mbili kwa mkono wake. Inaanza hivi: "Mimi ni msomaji wenu mpya na tayari nina malalamiko. Uhakiki mliouchapa mwezi Aprili haukuwa wa kweli. Aliyeuandika namfahamu vizuri. Juzi Jumamosi nimekwenda tena kwenye mchezo ule, kwa tiketi yangu, siku isiyo na mvua, na haya ndiyo niliyoyaona."

Kisha anasema. Sehemu ya kwanza, ndugu wanagombania viti na vijiko, na sisi tunaelewa nani alipendwa na nani aliachwa, bila mtu kutamka. Sehemu ya pili wanakaa chini na kuanza kutueleza yale tuliyokwisha kuyaelewa. "Hapa mwandishi ameogopa. Hakutuamini sisi tuliokaa gizani. Mara ya kwanza nilidhani mvua ndiyo iliyoniziba masikio. Siku ya jua nikagundua kwamba mvua ilimfanyia hisani." Halafu anasema dada mkubwa anapofungua kabati la baba, akakuta halina kitu, akalifunga polepole ili wadogo zake wasijue, pale yeye aliacha kupumua. "Mwandishi anayeweza kuandika lile kabati hana ruhusa ya kuandika ile hotuba ya mwisho. Aikate. Auchukue mchezo wake aupeleke kwenye ukumbi mkubwa, lakini ule wa kabati, si ule wa hotuba."

Ukurasa wangu una kanuni moja: barua ya msomaji aliyejiandikisha, kama haina tusi wala uongo, haizuiwi, na mhariri mkuu haisomi kabla ya kuchapwa. Aliiweka mwenyewe, mwaka ule alipozuia barua iliyomlaumu na wasomaji wakamjia juu. Kwa hiyo ruhusa ninayo. Nisichokuwa nacho ni moyo. Wifi hanisemeshi tayari. Nikiichapa, nitakuwa nimemkosea kwa kumficha na tena kwa kumwanika.

Jumanne, 30 Aprili

Nimempigia wifi, hakupokea. Nikampelekea ujumbe: Kuna barua imekuja kuhusu mchezo wako. Ni kali. Ni ya kweli. Sitaichapa bila wewe kujua.

Jibu limekuja jioni. "Usiniulize mimi. Ni ukurasa wako."

Jumatano, 1 Mei

Nimeichapa yote, bila kupunguza hata nukta. Barua nyingine zimengoja.

Jumatatu, 6 Mei

Toleo limetoka. Mhariri mkuu aliingia bila kubisha hodi.

"Huu ni nini?"

"Maoni ya msomaji."

"Huyu ni Ndimu!"

"Ni msomaji, bosi. Muulize dada wa usajili. Kalipa."

Alisimama katikati ya chumba, kati ya ndoo zangu mbili, akapandisha pumzi na kuishusha. Alisema tutazungumza. Aliondoka na nakala yake, na nilipopita mlangoni kwake baadaye nilimkuta bado anaisoma. Yale mahojiano ya samani yalikuwa upande wa pili, hayajafunguliwa.

Ijumaa, 10 Mei

Barua. Kinyozi kaandika kurasa tatu kupinga suala la hotuba. Anasema wateja wake wawili waliilia. Fundi cherehani amejiandikisha upya, akaambatanisha maoni yake kuhusu lile kabati, marefu kuliko ya Ndimu. Mhariri mkuu hajarudisha ukurasa wa uhakiki na hajasema atarudisha. Ila wa kwangu ameuongezea nafasi, bila maelezo.

Kutoka kwa wifi, hakuna.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekata. Nilikuwa jikoni namenya viazi mlango ukafunguliwa, wifi akaingia. Hakubisha hodi. Alivuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza. Macho yake yalikuwa mekundu na nywele hakuchana.

"Ile hotuba nimeikata," akasema. "Juzi. Waigizaji wamenuna. Yule mdogo kagoma kuja mazoezini, na tunajiandaa kwa ule ukumbi mkubwa."

"Pole."

"Usinipe pole. Nilijua tangu zamani kwamba ni ndefu. Nilikuwa nangoja mtu aniambie, nimchukie, halafu niikate." Akanitazama. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulikuwepo siku ya kwanza. Ulipiga makofi. Uliona nini?"

"Ni mchezo mzuri, wifi."

Alingoja tu, mikono juu ya meza. Nilijua ndiyo mara ya mwisho ananiuliza. Nikisema neno jingine la namna hiyo, tutabaki mawifi wa kupeana sahani na kuulizana hali ya watoto, mpaka mmoja wetu azikwe.

Nikaweka kisu chini.

"Yule kaka mdogo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kavu, "akilia simwamini. Analia kabla hajaumia. Na mwanzoni, ile salamu ya majirani, ningekuwa mimi ningeitoa. Nilichoka hata kabla mvua haijaanza."

Uso wake ulibadilika. Niliona namna neno langu lilivyomwingia, na nikatamani nilirudishe.

"Ile ya majirani," akasema, "ndiyo niliyoipenda kuliko zote."

"Najua."

Aliudhika kweli. Hakuondoka.

"Endelea," akasema.